Panya wa maabara wako na faili, mchimbaji wa Rubaya hana

Ndugu na dada zetu wa Goma, Sake, Masisi na Walikale, na ninyi mnaotusoma kwa telefone mkiwa mbali,

Tukitaja Rubaya, tunataja vita, ushuru na mlima unaoporomoka. Ni haki. Leo tunaomba mtupe dakika chache tuongee juu ya vumbi.

Aliyefika Bibatama, Luwowo ao Gakombe wakati wa kiangazi anajua. Mlima uko mweupe kama umemwagiwa unga. Watu wa mjini wanadhani coltan yote inatoka ndani ya jiwe gumu. Hapana. Kwetu mwamba wa zamani umeoza kwa maji na kwa miaka mingi, umekuwa udongo laini, na ndani yake mna zile punje nyeusi dunia inazozitafuta. Njo maana kijana mwenye sururu na beleshi anaweza kuchimba bila mashine yoyote. Udongo ule mweupe unaitwa kaolini, ndugu wa ule unaotengeneza sahani za porselini na kulainisha karatasi ya magazeti. Hauko peke yake. Umechanganyika na mika, na tena na silika, yaani ule mchanga mgumu unaong'aa kama chupa iliyosagwa.

Kumbe vumbi la namna hii limeshapimwa zamani. Limepimwa kwa panya.

Kuna shirika la nchi tajiri huko Paris, OCDE. Tangu 1981 liko na mwongozo wenye namba 403 unaoeleza namna ya kupima sumu ya kitu kinachovutwa kwa pua, na 2009 waliuandika upya. Panya anawekwa ndani ya mrija mwembamba, pua peke yake inatokea upande wa vumbi. Anavuta saa 4. Halafu wanamwangalia siku 14: anakula namna gani, anapumua namna gani, uzito umeshuka kiasi gani. Mwongozo mwingine, namba 413, ni wa siku 90: saa 6 kwa siku, siku 5 kwa juma, panya dume 10 na jike 10 kwa kila kipimo cha vumbi, na kundi lingine linalovuta hewa safi ili kulinganisha. Vumbi lenyewe linapimwa kila siku, hata ukubwa wa punje zake, juu punje kubwa zinaishia puani na zile ndogo sana njo zinafika chini kabisa ya pafu. Mwishoni mapafu yanapimwa uzito, yanaoshwa, yanakatwa vipande vyembamba na kusomwa kwa mikroskopi. Panya akiteseka kupita kiasi, sheria ya maabara inaagiza auawe bila maumivu, asiachwe hivyo.

Hatuwaonei panya wivu. Lakini tusome tena zile saa: saa 6, siku 5. Kijana wa shimoni Rubaya anapita hapo, na Jumamosi anarudi. Mama anayechunga na kupepeta mchanga mkavu, mtoto mgongoni, naye anapita hapo. Siku 90 zao zilikwisha zamani.

Majibu yalitoka. 2005 shirika la afya duniani, OMS, lilichapisha kitabu kizima juu ya bentonaiti, kaolini na udongo mwingine wa namna hiyo, wakikusanya yaliyoonekana kwa panya na kwa wafanyakazi wa viwanda. Kwa kifupi: kaolini ikivutwa miaka mingi inaweza kuacha makovu kwenye mapafu, lakini nguvu yake iko chini ya ile ya silika, angalau mara 10. Silika njo adui mkubwa. Chembe zake zikifika ndani, askari wa mwili wanazimeza, zinawaua, wengine wanakuja, nao wanakufa, na pafu linajaa makovu. Makovu hayo hayana dawa. Tena mtu mwenye silika kifuani anapata kifua kikuu kwa urahisi kushinda wengine. 1997 shirika la utafiti wa kansa la Lyon liliiweka silika hiyo katika kundi la kwanza, kundi la vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu bila mashaka. Marekani, kwa sheria ya 2016, mfanyakazi haruhusiwi kuvuta zaidi ya miligramu 0.05 kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa, hesabu ya saa 8. Ni kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Na sisi tunaona mlima mzima ukitoa moshi mweupe!

Kuna tena jambo la coltan yenyewe. 2007 watafiti walichapisha vipimo vya mionzi kwa wachimbaji wa coltan wa mashariki ya Kongo. Walisema hatari kubwa iko kwa wale wanaosaga na kuchunga, kwa sababu ya vumbi wanalovuta.

Kwa hiyo hatuombi panya wengine wateswe kwa ajili yetu. Panya naye si mtu: mapafu yake yakijazwa vumbi jingi sana, hata vumbi lisilo na sumu kali, anaota uvimbe ambao mnyama mwingine wa maabara haoti. Wanasayansi wamebishana juu ya jambo hilo miaka mingi, waendelee kubishana. Sisi swali letu ni dogo. Hewa ya Bibatama inapimwa na nani? Kipimo kimebandikwa ukuta gani? Kijana aliyechimba miaka 8 akianza kukohoa, picha ya mapafu yake ya mwaka wa kwanza iko wapi ili ilinganishwe na ya leo?

Sasa sikieni linalotuuma zaidi. OCDE ile ile iliyoandika mwongozo wa panya njo iliyoandika mwongozo ambao wanunuzi wa madini wanaufuata ili waseme mikono yao ni safi. Kiambatisho chake cha pili kinataja utesaji, kazi ya kulazimishwa, kazi mbaya za watoto, ubakaji, makundi yenye silaha, rushwa. Yote hayo yalistahili kutajwa. Vumbi halimo. Kwa hiyo gunia linaweza kufungwa etiketi, likaandikwa namba, likafuatwa hadi kiwandani Asia, na mapafu ya aliyelijaza yasiandikwe popote. Huko Paris walijua namna ya kupima pumzi. Waliijua tangu 1981.

Wengine watatuambia: "Kuna vita, nani atapanda Rubaya na mashine ya kupima vumbi?" Tunajibu hivi. Tangu mwisho wa mwezi wa 4 wa 2024 mji uko mikononi mwa M23, na wataalamu wa ONU waliandika kwamba ushuru wa coltan unawaingizia karibu dola 800,000 kwa mwezi. Vita havikuzuia mizani. Kilo zinapimwa kila siku, mvua na jua. Karibu 15% ya coltan ya dunia inatoka pale na hakuna gunia lililosahauliwa. Na kabla ya vita hivi, wakati serikali ya Kinshasa ndiyo ilikuwa inakusanya, wachimbaji walikohoa vilevile. Hatutamsafisha mtu hapa.

Wengi wetu tumemaliza universite. Tulisoma biolojia, jiolojia, afya ya jamii. Mmoja wetu alitetea kazi yake ya mwisho, akakaa nyumbani mwaka mmoja bila kazi, kisha akapanda Rubaya kubeba magunia. Alikuwa anajua silika ni nini, alikuwa amechora pafu kwenye karatasi ya mtihani! Alifunga kitambaa puani kama wengine. Kitambaa kinazuia udongo mdomoni, zile chembe ndogo kinaziacha zipite. Alitoka baada ya miezi 7, na mpaka leo akipanda ngazi tunamsubiri.

Pampu ya kupima vumbi inafungwa kwenye mkanda, si nzito kushinda redio. Kipimo cha pumzi ni mrija na mashine ya kushika mkononi. Watu wa kufanya kazi hiyo wako Goma na Bukavu, wanauza kredi za telefone. Kumwagia maji udongo kabla ya kupiga na kuchunga ni jambo la kale, migodi ya dunia inalijua.

Tunadai anayekusanya ushuru Rubaya, awe nani, alipe picha ya mapafu na kipimo cha pumzi kwa kila mchimbaji na kwa kila mama anayechunga, na karatasi ibaki mkononi mwa mwenye mapafu. Tunadai wanunuzi waandike kipimo cha vumbi kando ya namba ya gunia. Katiba yetu, kifungu cha 47 kwa afya na cha 53 kwa mazingira, haikuandika "isipokuwa Masisi".

Na wewe unayesoma, kama una ndugu aliyewahi kuchimba na anakohoa, usimwache aendelee kunywa sirop tu. Mpeleke, na umwambie daktari neno hili kabla hajauliza: "Alikuwa Rubaya, miaka kadhaa, kwenye vumbi."