Mchepuo wa Kimataifa Haukufikishi Ubalozini

Wanafunzi wa sayansi ya siasa wakifika hatua ya kuchagua eneo la kubobea, ushauri unaozunguka kwenye korido za vyuo vyetu ni uleule: chukua uhusiano wa kimataifa. Ndio mlango wa Wizara ya Mambo ya Nje, ndiyo njia ya Umoja wa Mataifa, na hata kwenye wasifu unapendeza. Nadharia ya siasa ni ya watu wa kubishana vijiweni, wanaambiwa, na serikali za mitaa ni tiketi ya kwenda kuozea kijijini. Wanaowaambia hivyo ni wazazi, kaka na dada waliotangulia, mara nyingine hata wahadhiri, na nia yao ni njema. Ushauri wenyewe ni mbovu. Unawadanganya vijana kuhusu ajira, na baya zaidi, unawafanya waielewe kombo hiyo diplomasia wanayoitamani.

Tuanze na huo mlango, kwa waliowahi kuwa mawaziri wa mambo ya nje wa Tanzania. Benjamin Mkapa, aliyeiongoza wizara hiyo kwa miaka mingi, alisoma Kiingereza Makerere. Jakaya Kikwete alisoma uchumi Dar es Salaam. Asha-Rose Migiro na Palamagamba Kabudi ni wanasheria. Bernard Membe ndiye aliyeanza na sayansi ya siasa. Utasema hao waliteuliwa na rais, hawakuomba kazi kama ofisa wa kawaida, na hapo una haki. Basi tumtazame huyo ofisa. Anapita Sekretarieti ya Ajira, anafanya usaili wa mchujo, akivuka anaitwa kwenye mahojiano, na kote huko anashindana na wanasheria na wachumi. Isitoshe, nchi ina chuo cha kuwaandaa watu wa kazi hiyo, pale Kurasini, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Msumbiji. Mchepuo ndani ya sayansi ya siasa ni kozi chache za hiari za mwaka wa tatu, nazo haziwezi kumpa mtu upendeleo ambao wenye shahada nzima ya uhusiano wa kimataifa wanaugombania.

Lakini tuseme nafasi zipo tele. Atakwenda kufanya nini huko? Machi 2021, Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakakwama Namanga. Siku chache baadaye katazo likageuzwa kuwa masharti: muagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti, sumukuvu iwe chini ya sehemu 10 kwa bilioni. Huo ni mgogoro wa kimataifa usio na ubishi, na ofisa anayetumwa kuuzungumza hasaidiwi sana na mjadala wa nadharia za mizani ya nguvu. Anatakiwa kujua mkulima wa kwetu anakaushia wapi mahindi yake, maabara ipi inapima, na kwamba tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishiwa Shirika la Viwango (TBS) kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Upande wa pili anatakiwa kujua wakulima wa Bonde la Ufa wana sauti gani mbele ya wabunge wao, na wasagishaji wa Nairobi wanataka nini. Yote hayo ni siasa za ndani, za nchi mbili kwa mpigo.

Mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya, ule wa EPA, unaonyesha jambo hilohilo kwa ukubwa zaidi. Kenya na Rwanda zilitia saini Septemba 2016. Tanzania ilikataa, na Novemba mwaka huohuo Bunge likashauri usisainiwe, kwa hofu ya viwanda vya ndani na mapato ya forodha. Anayetaka kuelewa kwa nini majirani waligawanyika aanze na maua ya Kenya yanayouzwa Ulaya na sera ya viwanda ya Dodoma. Mwanasayansi wa siasa Robert Putnam aliliandika hili mwaka 1988: anayejadiliana na mataifa anacheza meza mbili, na ya nyumbani ndiyo inayoweka mipaka ya anachoweza kusaini. Putnam anasomeshwa kwenye mchepuo huohuo wa kimataifa. Ajabu ni kwamba wanaoukimbilia hawamsikilizi.

Yupo atakayesema anaupenda tu uwanja huo. Huyo sina ugomvi naye, mapenzi ya somo ni sababu tosha. Yupo pia wa hoja ya kuozea kijijini. Ni kweli ajira za serikali za mitaa nazo zina foleni, na mshahara wa kuanzia si wa kutambia. Ila Tanzania Bara ina halmashauri 184 na kata karibu 4,000, na kila halmashauri ina bajeti, ushuru na migogoro ya ardhi inayohitaji mtu anayeelewa madaraka yanavyofanya kazi. Utafiti, ukaguzi wa sera na asasi za kiraia navyo vinaishi kwa maarifa hayo.

Kwa anayeng'ang'ania kimataifa, basi zile kozi za hiari zilizobaki azijaze takwimu, bajeti ya serikali, na Kifaransa au Kireno, lugha ambazo Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika (SADC) inazitumia pamoja na Kiingereza. Hizo ndizo anazokwepa kwa sababu zinashusha GPA.