Ramani ya malaria isifie makabatini

Watafiti siku hizi wanazungumzia sana afya ya umma ya usahihi. Maana yake si ngumu: badala ya kugawia nchi nzima dawa, vyandarua na chanjo kwa kipimo kimoja, unatumia takwimu kujua nani anahitaji nini, wapi na lini.

Sisi Wakenya tuna mfano wetu, tena maarufu. Mwaka 2012 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Amy Wesolowski, Caroline Buckee na wenzao. Walichukua rekodi za simu karibu milioni 15 za hapa Kenya, zilizoondolewa majina, kuanzia Juni 2008 hadi Juni 2009, wakazilinganisha na ramani ya malaria. Ikaonekana jinsi vimelea vinavyosafirishwa kutoka ukanda wa Ziwa Victoria hadi Nairobi, ndani ya damu ya abiria.

Kazi nzuri sana. Lakini mimi ni mtu wa programu, na swali langu ni hili: matokeo hayo yanaingia wapi kwenye mfumo?

Mwaka 2023 serikali ilianza kuwapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja simu zenye programu ya kurekodi ziara za nyumbani. Hapo ndipo pa kuingilia. Mhudumu wa Kibera ramani ya rangi haimsaidii. Mpe swali moja kwenye skrini: huyu mwenye homa, mwezi huu alisafiri wapi? Akijibiwa Siaya au Homa Bay, programu imwambie ampeleke akapimwe malaria leo hii. Vimelea hukaa mwilini wiki moja au zaidi kabla ya homa kuanza, na mgonjwa huenda keshaisahau safari yenyewe.

Kanuni hiyo ni mistari michache tu ya msimbo. Ugumu uko kwingine. Nani atabadilisha orodha ya kaunti ramani ikibadilika? Nani atamlipa mtunzaji wa programu pesa za utafiti zikiisha? Je, itafanya kazi pasipo mtandao? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Afadhali swali hili halihitaji kumfuatilia mtu kwa simu yake.

Maoni yangu ni kwamba wafadhili wa tafiti hizi watenge fungu la kuunda programu na kuitunza tangu mwanzo, na mhudumu aijaribu kabla ya makala kuchapishwa.

Waundaji programu wenzangu, mwasemaje?