Mita 60 wanazipima, debe la mama hawalipimi

Najua nimekuwa kimya kama wiki tatu hivi, si mnajua tena, test zimebanana na boom limekata mapema. Leo sina stori za hosteli. Nina dukuduku, na nisipolitoa sitalala.

Kwetu ni Mufindi. Wanaotoka Iringa na Njombe wanajua kinyungu ni nini, wengine ngoja niwaeleze. Mvua zikikatika, kuanzia kama mwezi wa tano, watu wanashuka bondeni. Wanainua matuta kwenye udongo wenye unyevu, wanafukia majani, wanapanda mahindi, maharage, maboga na mboga. Chakula hicho kinaiva wakati cha mlimani kinaelekea kuisha. Hela ya sare na madaftari ya Januari inatoka humo humo. Mkopo wangu haujawahi kutosha, pengo linazibwa na maharage ya bondeni. Kwa hiyo msiniombe niongee bila jazba.

Sasa ndugu zangu, kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57. Kinakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au bahari. Watu wengi wanaishia hapo. Lakini kinachokatazwa ni shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri uhifadhi wa eneo. Yaani kuna swali la kujibu kwanza: je, shughuli hii inaathiri? Kijijini swali hilo haliulizwi. Anakuja bwana mkubwa na futi kamba, anapima 60, anasema ng'oa. Kwisha.

Nikauliza, jamani, kabla ya kung'oa, kuna aliyepima hicho kinachong'olewa? Hapo ndipo takwimu zinaponichefua. Sensa ya kilimo ya 2019/20 ilihesabu kaya za kilimo karibu milioni 7.8, na ng'ombe milioni 33.9. Kazi kubwa, siibezi. Ila angalia hojaji zenyewe: mavuno yanapangwa kwa misimu miwili, vuli na masika. Kinyungu ni cha kiangazi! Mahindi yanaliwa mabichi, mboga inachumwa kidogo kidogo, boga linapikwa siku hiyo hiyo. Hakuna gunia la kuhesabu. Basi kwenye makaratasi mama analima ekari yake ya mlimani tu, na bondeni ni "mvamizi wa chanzo cha maji". Ukishakuwa sifuri kwenye jedwali, kukufuta ni rahisi.

Na upande wa pili tunahesabu kile kinachopendeza. Kila halmashauri ina lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Ripoti zinajaa miche iliyopandwa. Ni mingapi ilipona? Ni ya aina gani? Maana kwetu kuna mikaratusi imesimama kwenye mabonde, na kila mtoto wa kule anajua unavyokunywa maji. Mkaratusi ni "uhifadhi", tuta la maharage ni "uharibifu". Haya.

Mtasema, wewe mwalimu mtarajiwa, kwani hutaki mito? Nataka sana. Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi tangu 1993, na maji yake ndiyo yanayokwenda Mtera na Kidatu kuzalisha umeme. Tatizo ni la kweli. Ndiyo maana nakasirika linapotibiwa kwa kubahatisha.

Tukumbuke Ihefu. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Usangu na mifugo yao, na mwaka 2008 eneo likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Ng'ombe walibebeshwa lawama zote. Lakini watafiti wa mradi wa SMUWC walikuwa wameshaeleza, miaka kadhaa kabla ya hapo, kuwa chanzo kikubwa cha kukauka ni maji yanayochepushwa kiangazi kwenda kwenye mashamba ya mpunga. Vipimo vya maji vilikuwepo! Vikawekwa kando, ikafuatwa hesabu ya kwato. Matokeo? Ng'ombe waliondoka, mto ukaendelea kukauka, na mwaka 2017 ikabidi kiundwe kikosi kazi cha kuuokoa Ruaha huo huo. Wafugaji waliopoteza mifugo njiani hawakurudishiwa hata mmoja kwa sababu jibu lilikuwa baya.

Ndio hofu yangu na vinyungu. Tutafukuza akina mama mabondeni, maji yatapungua vile vile, halafu tutatafuta wa kumlaumu tena.

Madai yangu ni mepesi. Moja, kiangazi kiingie kwenye hojaji, na debe na fungu vihesabiwe kama gunia. Mbili, kabla ya kufukuza mtu, vipimo vya maji ya bonde lile vibandikwe ofisi ya kijiji: kinyungu kinachukua kiasi gani, miti inachukua kiasi gani, mfereji wa shamba kubwa unachukua kiasi gani. Tatu, ikithibitika kinyungu fulani kinaua chemchemi, sawa, kiondoke, ila mwenye nacho apewe pa kulima kwanza.

Wenzangu wa ualimu, mwakani tukienda mazoezi ya kufundisha wengi wetu tutaangukia vijiji kama hivi. Mtoto akikosa daftari Januari utamwandika mtoro, nayo itakuwa takwimu nyingine. Muulize kwanza bondeni kwao kuna nini.

Nawasilisha. Mwenye hoja tofauti aje nayo, kahawa ya kafteria nitanunua mimi, boom likiingia.