Wanafunzi wa Isimu Wapande Basi

Wapo wahadhiri wenzangu washikiliao kwamba safari ya utafiti kutoka Nairobi hadi pwani ya kusini yafaa iwe ya ndege: muda mfupi tu, mtu yuko Ukunda. Sikubaliani nao, wala si kwa ajili ya nauli peke yake, ingawa nauli ya mhadhiri mmoja angani huweza kuwasafirisha wanafunzi kadhaa kwa basi. Apitaye angani hulikosa somo lenyewe.

Ukishavuka feri ya Likoni, Kimvita huanza kukipisha Chidigo humo humo ndani ya matatu. Nikielekea Chale, nilimsikia mama mmoja akibishania chenji kwa Chidigo, kisha, aliposhukia Ukunda, akamuaga kondakta kwa Kiswahili fasaha. Kusini zaidi kuna Chifundi kule Funzi, na Chivumba huko Wasini na Vanga. Hata ukivuka mpaka wa Lunga Lunga kuelekea Tanga, Chidigo kingali kinakusindikiza.

Haya yameandikwa vitabuni, najua. Lakini asiyeyasikia huyakariri kwa ajili ya mtihani tu, na Chivumba, chenye wasemaji wachache, hakitatungoja. Idara zitengapo fedha, zianze na basi la wanafunzi. Mwalimu naye aketi humo.