Gari la Waya Lisivunjwe

Wazazi wenzangu wa Bunia, jioni moja kabla jua halijazama simameni kando ya njia yoyote ya mitaa yetu ya Mudzipela au Nyakasanza, mtazame. Hamtakaa sana kabla hajapita mtoto anayesukuma gari la waya. Bodi yake ni bati la kopo la sardini, matairi yamekatwa katika kandambili iliyochakaa, na kutoka kwenye ekseli ya mbele inapanda fimbo ndefu mpaka mikononi mwake, yenye usukani wa duara. Akikata usukani, matairi yanakata. Gia anabadilisha kwa mdomo, breki anafunga kwa mdomo, na vumbi linamfuata kama linavyoyafuata malori yaendayo Mahagi.

Wengi wetu tukimwona husema, "Huyu anachezea takataka." Wengine hufanya zaidi ya kusema. Nimemshuhudia baba mmoja akilikanyaga gari la mwanawe kwa sababu mtoto alichelewa kuteka maji. Kuchelewa ni kosa, na mtoto huonywa. Lakini gari lile lilikuwa kazi ya siku nyingi, na lilikuwa na springi nne za waya zilizokunjwa kwa uangalifu, kila moja sawa na mwenzake. Baba yule alidhani anavunja mchezo. Mimi nasema alivunja daftari la hesabu, na nitatoa sababu zangu.

Kwanza, kuunda mfano wa gari ni kupima. Watu wanaofanya kazi hii kwa ustadi hutumia uwiano: kila sentimita moja ya mfano husimama mahali pa sentimita 24 za gari lenyewe, au 43, au 64. Gari lenye urefu wa mita 4.8 likigawanywa kwa 24 linakuwa la sentimita 20. Hapo mtoto amegawanya, amebadilisha mita kuwa sentimita, na jibu lake analishika mkononi. Akikosea, gari litamwambia, kwa kuwa mlango hautafunga na tairi litagusa bodi. Ni ubao gani wa darasani unaosahihisha kwa haki namna hiyo?

Pili, gari la waya linafundisha jinsi gari la kweli linavyofanya kazi. Mtoto aliyewahi kuyakaza matairi mawili kwenye waya mmoja ameliona gari lake likikwaruza vumbi kwenye kona. Akayalegeza kila moja lizunguke peke yake, likapinda vizuri. Hajui kwamba amekutana na tatizo lililowashughulisha mafundi wakubwa wa dunia. Kwenye kona tairi la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani, na ndiyo sababu magari yetu yana difu, kifaa kinachoyaruhusu matairi mawili kuzunguka kwa kasi tofauti. Anachohitaji mtoto huyo ni mtu mzima wa kumwambia: ulichokiona kina jina, na njoo nikuonyeshe kwenye gari lenyewe.

Hapa ndipo tunapokosea zaidi. Sisi watu wa Bunia tunapenda sana mazungumzo ya magari. Tukae garajini au chini ya mwembe, tutabishana mpaka usiku kama Land Cruiser la zamani lina nguvu kuliko jipya, na kama Fuso huweza matope ya njia ya Komanda. Lakini mtoto akisogea kusikiliza tunamfukuza. Kwa nini tusimwulize yeye? Mwulize: usukani wako umeuweka upande gani, na kwa nini? Congo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, Uganda huendesha kushoto, na magari mengi yanayotufikia kupitia Mombasa na Kampala yametoka Japani na usukani wake uko kulia. Kwenye barabara zetu dereva wa gari hilo amekaa upande wa mtaro. Akitaka kulipita lori haoni kinachokuja mpaka nusu ya gari lake imeshatokeza hatarini. Mtoto akilielewa jambo hilo kwa gari lake la waya, siku atakayoshika usukani wa kweli ataokoa roho za watu.

Msidhani haya ni maneno matupu. Marekani, kuanzia 1930 hadi 1968, kampuni ya Fisher Body iliyokuwa ya General Motors iliendesha shindano la vijana la kuunda mifano ya magari, na washindi wakubwa wakalipiwa masomo ya chuo kikuu. Kijana aliyeshinda 1947, Charles Jordan, alikuja kuwa mkuu wa ubunifu wa magari wa General Motors nzima. Jirani zetu wa Uganda nao, katika Chuo Kikuu cha Makerere, waliunda gari la umeme la Kiira EV, wakalizindua 2011. Na 2016 wakaonyesha basi la Kayoola linalotumia nguvu ya jua. Na hapa nchini mwetu, Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa 1948, aliunda miji mizima kwa karatasi, maboksi na vifungashio vilivyotupwa. Kazi zake zilifika Paris 1989, na 2018 jumba la makumbusho la MoMA la New York likamfanyia maonyesho makubwa. Takataka zake zilikuwa kama hizi za watoto wetu. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wazee. Basi sisi tunawatunza wapi wachezaji wetu?

Najua nitajibiwa: watu wamefukuzwa vijijini mwao, wamejaa katika kambi ya Kigonze chini ya maturubai, wewe unatuletea habari za vigari? Ndiyo, nawaletea, na kwa ajili ya Kigonze hasa. Mtoto aliyepoteza nyumba na darasa bado ana mikono, na waya haukosekani. Tena angalieni anachokiunda. Mtoto huunda kile anachokiona kikipita. Anayeona magari ya askari kila siku ataunda gari la askari, na juu yake ataweka bunduki ya kijiti. Sisi wakubwa ndio tunaopaswa kumwonyesha trekta, gari la wagonjwa, lori la kubeba maharagwe ya Djugu hadi sokoni, ili mikono yake ijifunze kutamani amani.

Wengine watasema bati humkata mtoto, na mchezo humwibia muda wa masomo. Bati hukata kweli. Basi mpe tupa alainishe kingo, ukae naye. Na muda upangwe: maji kwanza, daftari baadaye, kisha gari.

Kwa hiyo nawaomba. Wazazi, mpeni mtoto rula na koleo la zamani. Mafundi wa garaji, Jumamosi moja kwa mwezi waiteni watoto wa mtaa, wafungulieni boneti, wataje kila kiungo kwa jina lake. Walimu, wekeni siku ya maonyesho katika mwaka, na sharti liwe moja: kila gari liwe na vipimo vyake vimeandikwa. Vyuo vyetu vya Bunia, tumeni wanafunzi wenu waje kuhukumu.

Samaki mkunje angali mbichi. Barabara za Ituri zitahitaji watu wa kuzijenga, na magari yake yatahitaji mafundi wa kuyatengeneza. Leo jioni, gari la waya likipita mlangoni pako, usilikanyage. Mwite mwenye nalo, umwombe akueleze alivyolitengeneza.