Kuandika Si Kazi ya Mwalimu wa Kiswahili Peke Yake

Katika shule nyingi za msingi, mwanafunzi akiandika sentensi isiyoeleweka, lawama humwangukia mwalimu wa Kiswahili. Mwalimu wa Sayansi husahihisha jibu, hasahihishi sentensi. Mwalimu wa Historia huridhika na neno moja lililojaza pengo. Hivyo mtoto huamini kwamba kuandika vizuri ni jambo la kipindi kimoja, nalo huisha kengele iliapo.

Kasoro hii si ndogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, na ugawaji wake huhitaji idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Yanayoamuliwa huko hubaki katika muhtasari. Anayeshika kalamu hapo alianza kufundishwa kuandika katika shule ya msingi. Akisahau kutaja mpaka, au akiandika sentensi yenye maana mbili, mjane aweza kupoteza shamba lake kwa kukosa ushahidi.

Mitihani nayo imechangia. Mwaka 2012 watahiniwa wa darasa la saba walijibu kwa kuweka kivuli kwenye herufi ya jibu, na mashine ikasahihisha. Njia hiyo huharakisha kazi, lakini haipimi kama mtoto aweza kupanga hoja. Na jambo lisilotahiniwa hupuuzwa darasani.

Dawa ipo, wala haihitaji fedha nyingi. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Maana yake ni kwamba kila mwalimu wa shule hizo ni mwalimu wa lugha. Katika Sayansi, mwanafunzi aandike aya moja kueleza jinsi mbegu ya haragwe inavyoota. Katika Hisabati, aeleze kwa maneno jinsi alivyopata jibu. Walimu wakubaliane kwanza, katika kikao chao, mambo matatu ya kutazama: sentensi kamili, mpangilio wa hoja, na alama za uandishi. Mwanafunzi akikuta kipimo kimoja kwa kila mwalimu, atakizoea.

Wapo watakaouliza: darasa la watoto 60 litasahihishwaje? Swali hilo ni la haki. Lakini asomaye madaftari 12 kwa siku humaliza 60 kwa siku 5, na masomo yaweza kupokezana majuma. Aidha, hapana haja ya kusahihisha kila kosa. Mwalimu aonyeshe lile lililo kubwa, kisha mtoto aandike upya. Huko kuandika upya ndiko kunakofundisha; wino mwekundu pekee haufundishi.

Wajibu huu hauishii kwa walimu. Afisa elimu azurupo shule asiulize tu idadi ya waliofaulu. Aombe daftari la Sayansi la mwanafunzi yeyote, asome aya moja, ndipo atakapojua kama shule hiyo inafundisha kuandika.