Wimbo Usikiwe na Nyumba Nzima

Katika kitabu chetu cha mwaka huu naomba nafasi ya kusema juu ya namna tunavyosikiliza nyimbo siku hizi, majumbani na safarini. Najua wako watakaosema mwalimu ameanza tena. Na waseme, lakini wasome mpaka mwisho.

Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti yake kwenye santuri, walioweza kununua gramafoni Unguja walikuwa wachache. Waliozisikia santuri zile walikuwa wengi, kwani zilipigwa mikahawani, na mwenye gramafoni hakuwa na njia ya kusikiliza peke yake hata angalikuwa bakhili. Redio ikaja na tabia hiyo hiyo. Kaseti nazo, tulizokuwa tukiazimana hapa Maskat katika miaka ya sabini na thamanini, zilisikika sebule nzima, na jikoni pia.

Mwaka 1979 Wajapani wakatoa Walkman. La kustaajabisha ni kwamba chombo kile cha mwanzo kilikuwa na matundu mawili ya kuchomekea, ili watu wawili wasikilize pamoja, na kitufe cha kupunguza muziki wapate kusemezana. Mkubwa wa kampuni, Akio Morita, aliona ni utovu wa adabu mtu kujitenga na wimbo wake mbele ya mwenziwe. Miaka ilivyopita, tundu la pili likaondolewa.

Sasa tazameni gari inayotoka Maskat kwenda Salalah, mwendo wa kiasi cha kilomita 1,000. Baba ana habari zake, mama ana mawaidha kwenye simu, na watoto watatu nyuma kila mmoja ametia vidude masikioni. Wanafika jioni, na hakuna aliyesikia alichosikia mwenzake.

Mimi sigombani na simu. Ndani yake mna taarab nyingi kuliko tulizopata kuwa nazo makabatini mwetu, na kijana akitaka kumsikia Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, humpata mara moja. Hofu yangu ni juu ya maswali. Mtoto akisikia wimbo sebuleni huuliza, "Bibi, neno hili maana yake nini?" Skuli anasomeshwa Kiarabu na Kiingereza, Kiswahili hana pa kukipata ila kwetu. Na Kiswahili cha taarab kinataka mtu mzima kando, maana ndege mle si ndege, na jahazi si jahazi. Chukueni wimbo wa Siti uitwao "Kijiti". Mtoto akiusikia peke yake ni sauti kongwe yenye mikwaruzo, ataupita. Akiwapo wa kumweleza, atajua kuwa unasimulia mauaji ya mwanamke mgeni mjini Unguja, na kesi ambayo muuaji alitoroka na waliofungwa wakawa mashahidi. Atataka kuusikia tena, na safari hii atasikiliza maneno.

Wako ndugu wasiopenda ala nyumbani mwao, nami siingii katika khitilafu hiyo. Wao wana kaswida na maulidi, na haya yanawahusu vile vile.

Masikio yenyewe nayo yana haki yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80, na mtoto desibeli 75.

Rai yangu ni kila nyumba ichague saa moja kwa wiki, tuseme baada ya chakula cha Ijumaa, spika iwekwe katikati, upigwe wimbo wa wazee kisha wa watoto. Wa watoto usirukwe. Tuwaulize na wao maana ya maneno yao, wala tusikunje uso kabla ya kusikia jibu.

Na wenye kaseti za zamani, hasa zile barua za sauti tulizopelekeana na jamaa wa Unguja na Mombasa, wasiziache garini, kwani joto la hapa huharibu utepe. Wazihamishe mapema. Kaseti ya dakika 60 ikihamishwa kwa mwendo wake hutaka dakika zake zote 60. Basi kwa kuwa lazima ipigwe yote, ipigwe kwa sauti, watoto wakiwapo, na mmoja wao aandike ni nani anayesema.